Semina ya lishe na mazoezi iliyowakuta wanafunzi na njaa: kisa kutoka Kilolo

Shule ninayoizungumzia ni sekondari ya kata, ya kutwa, juu kwenye milima ya Kilolo mkoani Iringa. Ina hosteli ndogo ya wasichana wanaotoka vijiji vya mbali, na wanaokula chakula cha mchana pale ni kama wanafunzi 240. Jumamosi moja kikundi cha vijana kutoka mjini kilipanda kuja kuendesha semina ya lishe na mazoezi kwa kidato cha pili na cha tatu. Vijana wale walikuwa wamejiandaa vizuri: mabango yenye picha, mzani, spika ya kuchaji, muziki wa mazoezi. Lakini ilipofika saa tano asubuhi wanafunzi wengi walikuwa wamelaza vichwa kwenye madawati, na kabla ya saa saba semina ikafungwa kwa sala.

Baadaye mkuu wa shule aliniomba nisaidie kuandaa awamu ya pili. Kabla ya kuandaa chochote nilikaa na walimu, matroni, wapishi na baadhi ya wanafunzi ili nijue ile ya kwanza ilikwenda vipi. Niliyoyapata ndiyo ninayoyaeleza hapa, kwa sababu naamini semina nyingi za aina hii katika nyanda za juu kusini zinakwama palepale. Zinaanza na mwili wa mwanafunzi na tabia zake, wakati mambo yanayoamua afya yake yako kwenye sufuria ya shule, kwenye ghala la mahindi na kwenye njia anayotembea asubuhi na jioni.

Mada za siku ile zilikuwa nne: punguza mafuta na vyakula vya kukaanga, acha soda na chipsi, fuatilia uzito wako, fanya mazoezi dakika 60 kila siku. Hakuna hata moja iliyo ya uongo. Dakika 60 ni pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2020 kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau mara 3 kwa wiki. Kwa kijana wa mjini anayepelekwa shule kwa gari na kurudi nyumbani kukaa mbele ya televisheni, mada hizo ni dawa. Kule Kilolo waliokaa kwenye madawati walikuwa watu wengine kabisa.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono na kuuliza: "Samahani mwalimu, na yule ambaye hajanywa chai asubuhi, naye akimbie?" Wenzake wakacheka. Mwezeshaji akajibu kwamba anywe maji kisha aanze taratibu. Pale ndipo semina ilipopaswa kusimama na kuanza upya. Kijana yule alikuwa amewapa mada ya siku nzima, ikapita.

Hesabu ya njia na ya sahani

Kijana huyo anatoka kijiji kilicho bondeni, kama kilomita 5 kutoka shuleni. Mtu wa kilo 50 akitembea kilomita 1 kwenye tambarare hutumia kilokalori 35 hadi 40 hivi, na kwenye mlima zaidi. Kwenda na kurudi ni kilomita 10, yaani si chini ya kilokalori 350 hadi 400, bado hajashika jembe wala ndoo ya maji. Kwa mwendo huo wa kupanda na kushuka, dakika 60 amekwisha kuzimaliza kabla kengele ya asubuhi haijagonga. Akifika shuleni anakuta mchakamchaka.

Sasa tuangalie anachorudishiwa mwilini. Katika awamu ya pili tulikopa mzani dukani tukaenda nao stoo ya shule, na wanafunzi wenyewe wakapima. Siku ya ugali na maharage, unga uliotolewa ulikuwa kilo 30 na maharage kilo 6, kwa watu 240. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aligawanya kwa chaki kwenye mlango wa stoo: gramu 125 za unga kwa kila mmoja, gramu 25 za maharage. Nikawaomba wapime hizo gramu 25 peke yake. Zilijaa kiganja cha mtoto, basi. Wanafunzi walikaa kimya wakiyatazama yale maharage, na wapishi vilevile, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona yakiwa makavu, ya mtu mmoja, bila mchuzi wa kuyaongezea wingi.

Gramu 125 za unga wa mahindi zina kilokalori 450 hivi. Gramu 25 za maharage zina kama 85. Jumla 535. Msichana wa miaka 15 mwenye shughuli za kawaida anahitaji kama 2,450 kwa siku, mvulana kama 3,000. Mlo wa mchana shuleni ukitarajiwa kubeba theluthi ya mahitaji ya siku, basi msichana alipaswa kupata kama 800. Na huyu anayetembea kilomita 10, karibu robo tatu ya mlo ule inaishia njiani.

Ndiyo maana nasisitiza: kumwambia mtoto huyu apunguze mafuta ni kumkosea. Sufuria ile ilihitaji kuongezwa mafuta. Tulipopiga hesabu upya pamoja na wapishi, tulifika kwenye 800 kwa gramu 150 za unga, gramu 50 za maharage na gramu 10 za mafuta ya alizeti kwa kila mwanafunzi. Hizo gramu 10 peke yake zina kilokalori 90, na kwa watu 240 ni chini ya lita 3 kwa siku. Alizeti inalimwa mkoani humohumo. Na msimu wa parachichi, ambalo siku hizi limepandwa sana Kilolo na Njombe, nusu ya tunda inafanya kazi ileile ya mafuta, tena husaidia mwili kufyonza vitamini A iliyomo kwenye mboga za majani.

Kuna jambo linaloumiza hapa. Iringa ni mkoa unaolisha wengine. Malori ya mahindi, viazi na mbao yanashuka kila siku, na pale Ilula kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro matenga ya nyanya yanapangwa hadi kimo cha mtu. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa umefika asilimia 57, wa juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Utafiti wa 2015-16 ulikuwa umeukuta mkoa huohuo kwenye asilimia 42 hivi. Watoto waliopimwa mwaka ule ndio wanaoanza kuingia sekondari sasa. Mwezeshaji anaposimama mbele ya darasa la kidato cha kwanza, akumbuke kwamba wengi wa waliokaa mbele yake walikosa lishe kabla hawajajua kusema, na kwamba umri wa balehe ni kipindi kingine ambacho mwili unakua kwa kasi na unadai chakula kingi zaidi.

Mzani mbele ya watu

Jambo la pili lililoharibika siku ile liliumiza zaidi, ingawa lilichukua dakika chache tu. Wanafunzi walipangwa foleni, wakapanda mzani mmoja mmoja, na kijana aliyekuwa akisoma namba alizisoma kwa sauti ili mwenzake aandike. Msichana mmoja wa hosteli, mrefu na mwenye mwili, namba yake ilishangiliwa na wavulana. Kufikia Jumatatu alikuwa na jina jipya. Matroni aliniambia kwamba kwa muda baada ya hapo binti yule alikuwa anapeleka sahani yake kwa wenzake mchana, yeye anakunywa maji. Matroni alimwita pembeni, akamwambia, "Mwanangu, ukiacha kula utaanguka darasani, halafu nitamjibu nini mama yako?" Akawa anakula naye meza moja hadi ile aibu ilipopungua.

Semina ya afya ikimfanya mtoto aache kula, imemdhuru. Na kipimo chenyewe kilitafsiriwa vibaya: waliwasomea wanafunzi viwango vya uwiano wa uzito na urefu (BMI) vya watu wazima, ile 18.5 hadi 25, wakati kwa vijana wa miaka 5 hadi 19 kuna chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007 zinazoangalia umri na jinsi. Msichana wa miaka 14 mwenye uwiano wa 18 yuko sawa kabisa kwenye chati hizo, lakini siku ile aliambiwa amekonda. Katika awamu ya pili hatukupima mtu yeyote. Tulipima chakula. Ukihitajika uzito wa wanafunzi kwa ajili ya kumbukumbu za afya, upimwe na mhudumu wa zahanati au afisa lishe wa halmashauri, chumbani, mtu na mtu, na namba ibaki kwenye daftari.

Chai, damu na maharage

Hapa ndipo nilipotaka kutumia muda mwingi, na ndipo wasichana walipouliza maswali mengi zaidi. Wengi wao walisema wanachoka, wanasikia kizunguzungu wakisimama mstarini, wengine wameshazoea hali hiyo na kuiona ni ya kike tu. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji kama miligramu 15 za madini chuma kwa siku, mvulana wa rika lake kama 11, tofauti kubwa ikitokana na damu ya hedhi. Chuma kilichomo kwenye maharage na mboga za majani kinafyonzwa kidogo tu. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inapunguza zaidi, kwa sababu ya tanini iliyomo. Nyanya mbichi, pera, kabichi mbichi, ndimu na vingine vyenye vitamini C huongeza.

Pale hosteli utaratibu ulikuwa kunywa chai ya rangi palepale na maharage ya jioni, kwa sababu ya baridi. Baridi ya Juni na Julai Kilolo haina mzaha, na sikuona sababu ya kuwanyima watoto kitu cha moto. Tulikubaliana chai isogezwe: inywewe jioni wakitoka michezoni, saa moja na zaidi kabla ya chakula, na mezani iwekwe kachumbari ya nyanya na kabichi. Nyanya si tatizo. Bei inaposhuka Ilula, watu wanazimwaga. Mzazi mmoja mwenye shamba huko alijitolea tenga, na mwenzake naye akasema ataleta.

Kwa wale wanaosikia kizunguzungu, kachumbari haitoshi. Matroni aliandika majina yao akapanga wapelekwe zahanati wakapimwe wingi wa damu. Kwa msichana asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na hilo linatibiwa kwa vidonge na uangalizi.

Maharage yenyewe yalikuwa na kesi. Wavulana walisema yanawajaza gesi ndiyo maana wengine wanayaacha. Mpishi mkuu, mama wa makamo ambaye kila mtu pale anamsalimia "Kamwene mama" kabla ya kusema shida yake, alieleza kwamba anayachemsha makavu kuanzia alfajiri na kuni haziishi kulaumiwa. Tukajaribu kuyaloweka usiku kucha, maji yale yakamwagwa asubuhi, yakapikwa kwa maji mapya. Yaliiva mapema kwa kiasi ambacho mama mwenyewe alikwenda kumwita mkuu wa shule aje aone rundo la kuni lililobaki. Kuloweka hupunguza sukari zinazoleta gesi, na hupunguza pia viambato vinavyozuia chuma kufyonzwa. Kuhusu chumvi, mama alikuwa anaitia mwanzoni. Sasa anaitia mwishoni, kwa sababu madini joto hupotea kwenye moto mrefu. Wazee wa huku hawahitaji kufafanuliwa sana juu ya hilo. Kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea miaka ya 1990, rovu, ule uvimbe wa shingoni unaoletwa na ukosefu wa madini hayo, lilikuwa la kawaida katika nyanda hizi.

Dona lilizua ubishi. Wanafunzi hawalitaki, wanasema ni chakula cha mtu aliyeishiwa. Niliwaonyesha hesabu: mahindi yakikobolewa kupata sembe, kama robo ya uzito inabaki pumba, na kiini chenye mafuta, vitamini na madini kinaondoka nayo. Kwa shule inayolia upungufu wa unga, robo hiyo ni milo ya wiki nyingi. Lakini sikuwaambia waanze kesho. Dona la mahindi yaliyoota ukungu ni hatari kuliko sembe. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwanza mahindi yachambuliwe, yakaushwe sawasawa, na magunia yapandishwe juu ya mbao badala ya kulala sakafuni. Shule imekubali kuchanganya siku mbili za dona kwa wiki, na baraza la wanafunzi ndilo lililochagua siku.

Mama wa genge na uwanja

Semina ya kwanza iliwaambia wanafunzi wasinunue maandazi. Wakati huohuo mama anayeuza maandazi alikuwa amekaa nje ya uzio, na hakuna aliyemwita. Tulimwita. Alisema jambo la maana sana: andazi halichachi, likibaki asubuhi linauzwa jioni, na unga anakopeshwa dukani. Yai la kuchemsha au karanga zinataka mtaji wa mkononi. Mwanafunzi mwenye shilingi 500 ananunua kinachomshibisha, na mama anauza kinachorudisha hela. Na kwa mtoto aliyetoka nyumbani bila kula, andazi lililokaangwa ni nishati. Sina ugomvi nalo. Tulichomwomba ni kuongeza viazi vya kuchemsha msimu wake, na karanga za pakiti ndogo, na kuacha barafu za rangi zinazomalizia hela ya mtoto bila kumpa kitu. Alikubali viazi palepale. Karanga alisema ataona.

Kuhusu mazoezi, tuligawa wanafunzi kwa hali halisi. Watembeaji wa mbali hawakuongezewa kukimbia; mwalimu wa zamu aliruhusiwa kuwaondoa kwenye mchakamchaka wakiwa ndio wamefika. Waliohitaji mwendo ni wasichana wa hosteli, ambao kutoka bwenini hadi darasani ni hatua chache na jioni wanakaa kujisomea. Vijana wale wa kwanza walikuwa wamewaletea mazoezi ya muziki wa spika, na spika ilipoondoka mazoezi nayo yakaondoka. Nilipouliza mnacheza nini mkiwa peke yenu, jibu likaja kwa pamoja: rede na kuruka kamba. Rede inahitaji mpira wa soksi na mtu asiyeogopa kupigwa. Kamba inaimarisha mifupa kama zoezi lolote litakaloagizwa kutoka mbali. Kilichowazuia kucheza kilikuwa vingine: uwanja unashikwa na wavulana wa timu ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kila jioni, hawana kaptula za kuvaa ndani ya sketi, na siku za hedhi hawana taulo za uhakika. Mwalimu wa michezo aliwatengea jioni tatu za uwanja kwa wiki. Kaptula zilishonwa na fundi wa kijijini kwa mchango wa walimu. Taulo bado ni tatizo, na nimewaandikia watu wawili watatu kuhusu hilo.

Asiyechanga

Nimeacha mwisho jambo gumu kuliko yote. Ada imefutwa tangu 2016, lakini chakula cha mchana kwenye shule za kutwa ni mchango wa wazazi: mahindi, maharage, na fedha kidogo ya mpishi. Kwenye shule hii, mtoto ambaye mzazi hajachanga hali. Siku ya kupima maharage walikuwepo wanafunzi wengine ambao hawakuwa kati ya wale 240. Wakati wenzao wanakula, wao hukaa nyuma ya madarasa, au hujifanya wana kazi ya kumalizia. Huwezi kusimama na bango la makundi ya vyakula mbele ya mtoto huyo.

Kwenye kikao cha wazazi suala hili lilizungumzwa kwa saa nyingi. Waliochanga walisema, na si kwa ukorofi, kwamba wakiwalisha wasiochanga mwakani hakuna atakayechanga. Bibi mmoja anayelea wajukuu watatu alisimama akasema shamba analo, nguvu hana. Mwenyekiti wa kijiji alipendekeza wasioweza waorodheshwe na serikali ya kijiji, wasiotaka wafuatwe na mtendaji, na watoto wa makundi yote mawili wale wakati wakubwa wanaendelea kudaiana. Pendekezo lilipita, ila kwa muhula mmoja wa majaribio.

Chakula cha ziada kitatoka wapi, hilo limeunganishwa na kalenda. Huku mahindi huvunwa kuanzia Juni hadi Agosti, na wakati huo kila nyumba ina cha kutoa. Kufikia Februari maghala ya nyumbani yamekauka, na ghala la shule pia, kwa sababu michango ilikuwa inakusanywa kila muhula. Kwa hiyo mchango wa mwaka mzima sasa utakusanywa mwezi Agosti kwa debe, bustani ya shule ipandwe chainizi na majani ya maboga, na kamati ya chakula, yenye wanafunzi wawili ndani yake, ipime ghala mwisho wa Novemba. Mahindi yakionekana hayatafika Machi, mtendaji ataitisha kikao kabla ya shule kufungwa Desemba, wakati wazazi bado wana kitu cha kuuza.